Nilivyomnyang'anya binti wa Buterere kisimamio chake kwa neno moja la Kiswahili

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kwa miaka mingi. Nasoma, nacheka, nafunga simu. Leo nimesukumwa na ule uzi ambapo jamaa mmoja alisema kwa kujiamini kabisa kwamba watu hudanganya ila data hazidanganyi. Nikasema moyoni, huyu hajawahi kushika kalamu ya kukusanya hizo data.

Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha. Pale kumbukumbu iliponitoka nitasema imenitoka, sitaziba pengo kwa kubuni. Na kama unatafuta kisa cha risasi na mabomu, pita uzi mwingine. Huu ni wa mbao, mikanda na fomu.

Haya, twende.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Kwa wasiopajua, ni mtaa wa Waislamu wa tangu zamani: mafundi magari, maseremala, wauza vipuri, na Kiswahili ndicho lugha ya barazani na jikoni. Siku hizi niko Kigoma, nina kibanda cha kuchapa na kutafsiri hati. Hiki Kiswahili mnachosoma nimekinyoosha huku. Cha nyumbani kina ladha yake, mtaionja watu wakianza kusema.

Ilikuwa miaka ya vita, ile ya kati, wakati watu walishazoea kuishi nayo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza sekondari, chuo kimekuwa ndoto. Mtaji wangu ulikuwa mwandiko mzuri na lugha tatu: Kiswahili, Kirundi na Kifaransa. Nilijiona msomi kweli kweli.

Ndipo nikapata kibarua cha utafiti.

Bosi wangu alikuwa mama mmoja, nimwite Madamu Godeliva, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kule kwetu mtu kama huyo tunamwita kine. Mama mtulivu, anaongea chini chini, lakini akikuangalia juu ya miwani unakumbuka makosa yako yote tangu utotoni.

Alikuwa akifanya utafiti juu ya visimamio vya vijana wenye mtindio wa ubongo.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Mtindio wa ubongo ni hitilafu inayoupata ubongo mapema, tumboni au wakati wa kuzaliwa. Misuli inakaza au inalegea bila kumsikiliza mwenyewe. Akili inaweza kuwa nzima kabisa, ila mwili na ulimi havitii. Watu wengi wanakosea hapo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mtoto mdogo mwenye hali hiyo mama humbeba mgongoni, maisha yanakwenda. Shida inaanza akifika miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Amekuwa mzito. Mgongo wa mama hauwezi tena. Basi analazwa kwenye mkeka, na anabaki pale. Nyonga na magoti yanakunjika, yanakaza, na kadiri siku zinavyokwenda hayarudi. Na kutoka mkekani anachoona sana ni miguu ya watu.

Kisimamio ni kifaa cha kumshikilia kijana awe wima. Mbao mbili nyuma, kizuizi cha magoti mbele, mkanda wa nyonga, mkanda wa kifua, na meza ndogo ya kuwekea mikono. Kwa Kifaransa kina jina refu, verticalisateur. Mafundi wakalikata likabaki "vertika".

Madamu alitaka kujua kitu kimoja. Alikuwa na vertika za aina mbili: za chuma, zimetoka Ulaya, zina magurudumu madogo yanayong'aa, na za mbao, zilizochongwa Buyenzi na seremala wetu, mzee Amisi. Vijana kumi na wawili, kila mmoja na yake nyumbani. Ni zipi zitatumika kweli kweli kwenye nyumba zetu za sakafu ya udongo?

Swali zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa swali zuri.

Sasa Jakilina.

Alikuwa na miaka kumi na mitano, wa Buterere, kule chini kaskazini mwa mji kwenye mashamba ya mpunga, ambako mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chini ya kitanda. Mama yake alimleta siku ya vipimo kwa baiskeli ya kukodi, amefungwa kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma, na mama anatembea pembeni akimshika kiuno.

Alipewa vertika ya mbao. Mzee Amisi alimpima kwa kamba, akakata, akarekebisha, akamfunga mikanda. Akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa, binti alikuwa wima.

Akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Maneno yake yalikuwa yanatoka taratibu sana, moja moja, mdomo unahangaika kabla sauti haijaja. Mwishowe akasema:

"Mama... kumbe we... mufupi."

Tulicheka wote, mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Madamu Godeliva akaandika kitu kwenye daftari lake, sijui nini.

Nimerudi, kulikuwa na mteja wa cheti cha kuzaliwa. Tuendelee.

Kazi yangu ilikuwa ipi? Fomu. Madamu aliandika maswali kwa Kifaransa, mimi niyatafsiri, kisha kila Alhamisi niwaulize kina mama na nijaze.

Kwenda majumbani haikuruhusiwa. Kanuni za usalama za mradi zilisema gari liende mitaa ya pembezoni kupeleka au kuchukua kifaa tu, lishushe, ligeuke. Kwa hiyo kina mama walikuja wenyewe kwenye kituo kimoja cha afya, bila watoto, maana nani atambeba kijana mzito hivyo kila wiki? Watoke Buterere, watoke Ruziba kule kusini ziwani, watoke Kajaga. Na njiani kote kulikuwa na vizuizi vya watu wenye silaha. Sisi tuliita bariyeri. Nani aliweka bariyeri ipi sitaandika, humu kuna watu wa kila upande na sitaki uzi wangu ugeuke uwanja.

Swali kuu kwa Kifaransa lilikuwa: wiki hii mtoto amewekwa wima mara ngapi?

Msomi mimi nikakaa nikawaza. "Kuwekwa wima" niliona kama ni lugha ya kusimika nguzo. Nikataka Kiswahili safi, cha kitabu. Nikaandika:

"Je, wiki hii mtoto wako amesimamishwa mara ngapi?"

Nikajipongeza. Kwa wale wanaopenda Kirundi nikatumia "guhagarikwa", ambalo ni lile lile, kusimamishwa. Mbele ya swali kukawa na kijisanduku cha namba.

Walioishi Bujumbura wakati ule nadhani wameshashika kichwa. Wengine subirini.

Alhamisi ya kwanza nikamuuliza mama Jakilina. Akanyoosha mikono juu.

"Hata siku moja! Mungu ashukuriwe."

Nikaandika sifuri. Hilo la kumshukuru Mungu lilinishangaza kidogo, lakini nikasema labda anaona afadhali binti apumzike.

"Na kifaa kinaendeleaje?"

"Kiko muzuri sana."

Nikasema moyoni, huyu mama ana adabu, hataki kutuudhi.

Mama mmoja wa Ruziba akasema, "Mara ine. Na ile ya mwisho walituambia tukae chini mu jua, saa mbili nzima, mi na mutoto ku mapaja, tulikuwa tunatoka ku mupeleka kwa tante wake, dada ya baba yake..."

Nikamkatiza. "Mama, namba inatosha." Nikaandika nne.

Wakuu, hapo ndipo kosa langu lilipo. Neno kukosewa ni bahati mbaya, mtafsiri yeyote anakosea. Lakini yule mama alikuwa ananiambia jibu lote, liko mdomoni mwake, na mimi nikamfunga mdomo kwa sababu sanduku langu lilikuwa la namba. Nilijitetea kwamba siku zile kila mtu ana kisa cha bariyeri, ukimsikiliza mmoja foleni haiishi. Kwa hiyo nikisikia "walituambia tukae chini" nilijua ameanza kisa chake, kalamu yangu inahamia kwa mwingine.

Wiki kumi zikaenda hivyo.

Madamu Godeliva alikaa na fomu zangu, akachora jedwali. Vertika za mbao za kaskazini: sifuri, sifuri, sifuri, moja, sifuri. Za kusini: nne, mbili, tatu. Alivua miwani akasugua macho. Alikuwa na imani kubwa na zile za mbao.

"Hawazipendi," akasema.

Mradi ulikuwa na kanuni: ambaye hatumii, kifaa kirudishwe apewe kijana mwingine, maana walikuwepo wengi wanaosubiri. Ni kanuni ya haki, siwezi kuilaumu. Nikaambiwa niandike orodha ya watakaorudisha. Nikaandika majina manne kwa mwandiko wangu mzuri. La kwanza lilikuwa la Jakilina.

Jumatatu dereva na mzee Amisi wakaenda Buterere na pikapu. Mimi nikabaki ofisini kwenye kivuli.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Mzee Amisi akashusha ile vertika mwenyewe, hakutaka asaidiwe. Akaniita.

"Kuya hapa. Angaliya hii."

Akanionyesha meza. Mbao aliyoiacha ina vumbi la msasa sasa ilikuwa laini, imeng'aa upande wa kulia, mahali mkono unapolala. Kwenye kiungo cha meza kulikuwa na unga mweupe umeshikana, pumba za mchele. Mkanda wa kifua, ambao yeye alitoboa matundu matano, ulikuwa umevutika tundu la tatu mpaka likawa kama yai.

"Huyu mutoto anasimamaka," akasema. "Kila siku. Na tulimukuta ndani yake, amesimama. Ni mi mwenyewe nilimufungua mikanda."

Wakuu, mnajua nilijibu nini?

Nilisema, "Mzee, wameona gari linakuja wakamfunga haraka ili msichukue."

Akanitazama.

"Mama yake alikuwa shambani. Kulikuwa bibi tu, na bibi haone vizuri. Nani alikimbia?"

"Na binti mwenyewe alisemaje?"

"Alikuwa anasema kitu. Mi sikusikia, dereva anapiga honi, kanuni zenu za kugeuka mbio. Nilimulaza ku mukeka."

Nikamwambia, na hili naliandika nikiwa na aibu ingawa miaka imepita: "Mzee wangu, wewe ni fundi. Hii ni recherche, utafiti wa kisomi."

Yule mzee alikuwa rika la baba yangu, aliswali naye safu moja. Alichukua kitambaa akaanza kufuta pumba kwenye kiungo, polepole, nami nikaingia ndani.

Siku mbili baadaye ile vertika ikapelekwa Kajaga kwa mvulana mmoja, ikakatwa miguu kidogo imfae.

Alhamisi mama Jakilina akaja. Sikumtarajia. Alikaa kwenye foleni ile ile, akasubiri zamu yake, akaja mbele ya meza yangu. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilinitisha. Watu wa wakati ule walishajifunza kutogombana na gari lenye karatasi za ruhusa.

"Muzee wangu," akaniambia, ingawa mimi ni kijana mbele yake, "mi nakuja kuuliza tu. Tulikosa nini?"

Nikamweleza kwa upole wa kisomi kwamba hamkukosa, ila kifaa hakikutumika, kuna wenzenu wanasubiri.

"Haikutumika?"

"Mama, wewe mwenyewe ulisema. Wiki kumi nakuuliza, mtoto amesimamishwa mara ngapi, unasema hata siku moja."

"Ndiyo. Hata siku moja. Atasimamishwa na nani? Jakilina haondokake ku nyumba, atafika ku bariyeri gani?"

Nikaweka kalamu chini.

"Mama. Bariyeri?"

"Si ndiyo unauliza? Kila Alhamisi unauliza kama wamemusimamisha mutoto. Tulisema mradi wanataka kujua njia iko namna gani." Akashusha sauti. "Mi nilikuwa nafurahi ukiuliza. Nani mwingine anauliza habari zetu za njia? Baba yake Jakilina walimusimamisha mara moja tu."

Kila mtu wa Bujumbura anajua maana ya mara moja tu: hakurudi nyumbani.

Nilikumbuka ile mikono aliyoinua juu na ile "Mungu ashukuriwe" yake, wiki kumi mfululizo. Mimi nikiandika sifuri.

Nikamuuliza, "Na ndani ya vertika, Jakilina alikuwa anasimama?"

Akanishangaa kama vile nimeuliza kama binti anakula.

"Anasimamaka kila asubui! Ndiye anachambuaka muchele yangu yote. Ku soko wanaita muchele ya Jakilina, juu haina mawe. Iyi juma imejaa mawe, macho yangu mi haiweze. Yeye analala tu, anaangalia juu."

Nilitaka ardhi ipasuke niingie. Nimeshapata aibu nyingi maishani, ile ndiyo ya kwanza iliyonipa homa.

Nikaomba kina mama wote waliobaki wasiondoke. Nikawauliza mmoja mmoja: nilipouliza kusimamishwa, ulielewa nini? Wakaanza kuambiana kwa Kirundi, halafu wakacheka. Karibu wote walikuwa wananijibu bariyeri. Yule wa Ruziba mwenye nne alisema, "Nilikuwa nakuambia, na wewe unakata."

Nikaenda kwa Madamu Godeliva na mafaili yote kifuani.

Nilimweleza kila kitu, na ile ya kumkatiza mama wa Ruziba pia. Hakupiga kelele. Alichukua fomu moja, akalisoma lile swali langu kwa sauti, kwa Kiswahili, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. Akalirudia. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia:

"Na mimi ninaishi mji huu huu. Nililisoma hili swali, nikaliona zuri."

Angeweza kuficha, wakuu. Ripoti ilikuwa karibu kwenda, jedwali limenyooka, nani Ulaya angejua? Aliandika kwa wafadhili barua moja: wiki kumi zimepotea, kosa ni letu, tunaanza upya. Sijawahi kufanya kazi na mtu mwingine wa namna ile.

Ile ya Jakilina sasa ilikuwa ya mvulana wa Kajaga, imeshakatwa miguu, na yeye ameshaanza kusimama. Kumnyang'anya huyu umrudishie yule? Hapana. Kati ya wale wengine watatu niliowaandika, wawili walirudishiwa zao siku ile ile zikiwa bado stoo. Wa tatu, nisimsingizie, kweli alikuwa anaitumia kuanikia nguo.

Mzee Amisi akasema atatengeneza mpya. Alikuwa na mbao alizomwekea mteja wa kabati, akazichukua hizo. Nilikwenda karakana kwake kila asubuhi, nimekaa kwenye maranda napiga msasa. Nilimwomba msamaha siku ya kwanza. Akasema, "Piga msasa." Siku ya tatu nilikuwa naharakisha kona moja, akanigusa bega.

"Polepole. Hii ni recherche."

Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Basi nikajua nimesamehewa.

Lakini kati ya misumari kukosekana na njia kufungwa, tulimaliza wiki ya nne tangu ile Jumatatu. Wiki nne binti yuko mkekani.

Madamu aliomba kibali maalumu, tukaenda Buterere wote watatu. Mara ya kwanza mimi kufika katika nyumba niliyokuwa nikiiandika kwenye fomu wiki kumi. Nyumba ya matofali ya udongo, mlango unaangalia mpunga, ungo umetundikwa ukutani.

Madamu akampima magoti kabla ya kumsimamisha. Hakusema namba kwa sauti. Mzee Amisi akamfunga mkanda wa nyonga, wa kifua, akafika kwenye kizuizi cha magoti. La kulia likafika. La kushoto halikufika. Akajaribu tena taratibu, Jakilina akalia. Mzee akakitoa kile kizuizi, akakaa nacho mlangoni, akaanza kukichonga upya kufuata goti lilivyo. Hakunitazama.

Jakilina akasimama, upande mmoja umeinama kidogo. Akapumua. Akaweka mkono wa kulia juu ya meza mpya, akaupitisha, mbao bado inakwaruza.

Halafu akanitazama mimi. Midomo ikaanza kuhangaika. Mama yake akataka kumsaidia kumalizia, kama tulivyozoea wote, Madamu akamzuia kwa mkono. Tukasubiri. Ilichukua muda. Nje hakuna aliyepiga honi.

"Nani... aliandika... mi sisimame?"

Ningeweza kusema "mradi". Ningeweza kusema "ofisi". Neno "sisi" pia lilikuwepo.

"Ni mimi," nikasema.

Tukasubiri tena.

"Uliniuliza... mi?"

Wiki kumi nilikuwa nauliza kina mama. Jakilina alikuwa na miaka kumi na mitano, akili timamu, anajua muda aliosimama kuliko mtu yeyote duniani, na katika fomu yangu yote hakukuwa na swali hata moja la kwenda kwake.

"Apana," nikamwambia. "Sikukuuliza."

"Basi... uliza."

Nikafungua daftari. Nikauliza kwa Kiswahili cha kwetu, hakuna cha kitabu: "Jakilina, unasimamaka muda gani?"

"Mupaka... muchele... iishe."

Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Na hicho ndicho alichokiandika Madamu katika ripoti ya pili.

Hiyo ripoti ya pili ilionyesha nini? Kwamba za mbao zilisimamiwa zaidi, na sababu ilikuwa meza: kijana akiwa na kazi ya kufanya mbele yake anasimama, akiwekwa kuangalia ukuta anachoka. Zile za magurudumu zilizama kwenye udongo. Ni ripoti ndogo, nadhani iko kwenye kabati fulani.

Goti la kushoto la Jakilina halikurudi lilivyokuwa. Madamu aliniambia labda lingekaza tu hata bila zile wiki nne, alikuwa akirefuka, umri ule mifupa hukimbia kuliko misuli. Mzee Amisi nilimuuliza pia, yeye alisema, "Mi ni fundi tu." Kwa hiyo sina jibu la uhakika. Ila mimi nimelichukua goti lile kuwa langu, na nimeishi nalo.

Niliondoka Bujumbura mwaka uliofuata. Mara ya mwisho kusikia habari zake, alikuwa bado anachambua mchele na mama yake anauza. Baada ya hapo sijui.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukimuuliza mtu, muulize mwenyewe. Akianza kujibu, mwache amalize hata kama karatasi yako haina nafasi. Siku hizi nikitafsiri hati ya mtu namsomea mwenyewe kwanza kwa sauti, aniambie ameelewa nini. Wateja wengine wananiona msumbufu. Sawa tu.

Kwa wenye watoto wenye hali hii: msikubali kijana abaki mkekani eti amekuwa mkubwa. Seremala mzuri na mtaalamu wa viungo wakikaa pamoja, kisimamio kinapatikana. Mwekeni mbele ya kitu anachokipenda, na mkague ngozi ya magoti isiwe nyekundu.

Nipo kibandani mpaka jioni, nitajibu. Kama uliwahi kuwa upande wa pili wa meza, ukajibu fomu ya mtu akakuandika vibaya, njoo useme hapa. Andika kirefu utakavyo, sitakukatiza.